Matanga katika «Desturi za Wasuaheli»

Kitabu hiki, alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, kimetegemea sana maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Msomaji atafutaye humo kilio cha mtu mzima aliyefiwa na mzazi huenda akamdhania mwandishi kuwa mkavu wa moyo. Sivyo. Ada zenyewe ndizo zisemazo: huko Mrima mwana hushughulishwa na sanda, kaburi, hitima na madeni ya marehemu, jamaa hulala naye matangani, na watani humchekesha. Huzuni haikukanwa, bali imegawanywa kwa watu wengi. Lakini tanga likiisha kuondolewa, wageni hurudi makwao, na yatima mwenye mvi hubaki peke yake. Upweke huo hauna desturi. Kwa hiyo umekosa mlango katika kitabu.