Kijiti Kisisimame

Kwenye uwanja wa shule moja ya msingi hapa Nyakasimbi, mistari ya mbio huchorwa kwa majivu, na kijiti hukatwa kutoka mpini wa jembe. Nilikuwepo siku ya majaribio ya mbio za kupokezana vijiti, watoto wanne, kila mmoja mita 100. Timu iliyoongoza ilifika kwa mkimbiaji wa nne ikiwa hatua tano mbele ya wenzake. Mtoto yule alikuwa amesimama wima, kageukia nyuma, mikono yote miwili kainyoosha kama anayepokea kikombe cha uji. Akashika, akageuka, ndipo akaanza kukimbia. Wakamaliza wa tatu, na yeye akaambiwa ni mzito.

Hakuwa mzito. Saa ya mwamuzi hupima safari ya kijiti tangu kinapoanza hadi kinapomaliza, na kijiti kile kilisimama muda wa kutosha kupitwa na timu mbili.

Namna ya kupokea inafundishika. Mpokeaji hupima nyayo kadhaa nyuma yake na kuweka alama. Mwenzake anapoikanyaga tu, yeye hutimka, wala hageuki tena. Akisikia "Shika!" hurudisha mkono mmoja, kiganja wazi, na kijiti humkuta keshachanganya miguu. Mikono nayo hupishana: wa kwanza hushika kwa kulia ili apinde kona kwa ndani, wa pili hupokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hapo hakuna anayemkanyaga mwenzake, na kijiti hakibadilishwi mkono njiani.

Wajapani walivuna matunda ya kazi hii kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Kati ya wanne wao hakuna aliyekuwa na muda rasmi wa mita 100 chini ya sekunde 10, lakini walitwaa medali ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt. Wao hupokea kutoka chini: kiganja cha mpokeaji hutazama ardhi, kijiti hupandishwa kwake, na mkono hauhitaji kunyooshwa mbali kiasi cha kuvuruga mwendo. Ugumu wake ni kwamba kiganja kipya lazima kikae karibu kabisa na cha anayetoa, la sivyo wa nne hubakiwa na ncha.

Mbio za wanne, kila mmoja mita 400, zina hesabu nyingine. Anayeleta kijiti amekwisha nguvu na kasi yake haitabiriki, kwa hiyo mpokeaji humtazama, huanza taratibu, na hukichukua mwenyewe kutoka mkononi mwake. Hivyo ndivyo kijiti kilivyosafiri kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kutoka kwa Charles Asati hadi Hezahkiah Nyamau, kisha Robert Ouko, na mwisho Julius Sang, aliyempita Mjerumani Karl Honz na kuipa Kenya dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Wamarekani hawakukimbia siku ile, ni kweli, lakini Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Magharibi walikuwepo na wote waliachwa.

Jambo hili la kuanza mwendo kabla ya kupokea huonekana pia kanisani kila Jumapili, kwenye kwaya. Kiongozi wa okestra naye hushika kijiti, tena chepesi, ili ncha yake ionekane hadi kwa wapiga ala wa nyuma. Mwalimu wa kwaya wa huku kwetu hutumia mikono mitupu. Wote wawili huanza kwa kupandisha mkono kabla ya sauti yoyote kutoka. Katika mpando ule waimbaji huvuta pumzi na kuujua mwendo wa wimbo. Mwalimu akiwashtukiza, sauti ya kwanza hutoka vipande vipande, sawa na mtoto aliyepokea kijiti akiwa amesimama.

Walimu wenzangu, kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, tengeni dakika 20 kila jioni kwa kupokezana tu. Anzeni na nyayo 15. Anayeleta akishindwa kumfikia mwenzake, punguzeni, wakigongana, ongezeni. Na mpini wa jembe uachwe shambani, kwa sababu ni mzito na umejaa ndani, wakati kijiti cha mashindano ni bomba tupu lenye urefu wa sentimita 28 hadi 30. Kipande cha bomba la plastiki la maji, unene wa sentimita 4, kinatosha.