Bin, Binti na Jina la Mwisho

Msomaji wa Kiswahili ashukaye katika kituo cha treni cha Tumba, kusini-magharibi mwa Stockholm, husoma ubaoni neno analolijua: tumba, ua ambalo halijachanua. Sadfa hiyo yapendeza, lakini haituambii lolote kuhusu asili ya jina la mji. Jina husomwa kwa sarufi ya lugha iliyolizaa. Kanuni hii twaikubali upesi katika majina ya mahali, kisha twaisahau tunapoorodhesha watunzi wetu.

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858. Msham si ukoo; ni baba yake. Hata neno “ubini”, tunalolitumia leo kwa jina la ukoo, limetokana na “bin”, yaani mwana wa. Basi orodha ya marejeo inapoandika “Haji, Muyaka”, inamtanguliza mzazi mbele ya mshairi. Shaaban bin Robert (1909–1962) naye tumezoea kumtaja bila “bin”. Neno dogo limeanguka, na uhusiano wa mtu na baba yake umegeuka jina la ukoo.

Wasweden wayajua mabadiliko haya. Zamani mtoto wa Anders, akiwa wa kiume, aliitwa Andersson; wa kike, Andersdotter. Desturi hiyo ilikuwa ikififia tayari amri ya mwaka 1901 ilipotia muhuri majina ya ukoo ya kurithiwa. Tangu hapo hata binti akawa Andersson, ijapokuwa baba yake si Anders. Johnson wa Uingereza aliganda hivyo karne nyingi kabla. Iceland ilishika njia yake: kitabu cha simu kilipanga watu kwa majina yao wenyewe.

Yaweza kujibiwa kwamba fomu hudai jina la mwisho. Ni kweli; lakini mhakiki si karani wa pasipoti. Tena sheria ya Sweden ya leo yaruhusu mtu kuchukua jina la mzazi na kuongeza -son au -dotter. Ikiwa dola imeufungua tena mlango huo, kwa nini wasomi wa Kiswahili waufunge? Muyaka na awekwe chini ya M yake, na Mwana Kupona aitwe Mwana Kupona. Kijana wa Tumba atafutaye fasihi ya bibi zake amkute mtunzi rafuni kwa jina lake, si kwa jina la baba peke yake.