Tiketi moja, njia tatu: jinsi Jozani ilivyopitisha wageni

Anayetoka mjini Unguja kwenda Paje huipita Jozani njiani. Barabara inaingia chini ya miti mikubwa, hewa inapoa, matuta yanaanza, na kando ya lami yanatokea mabango ya kumtahadharisha dereva kuhusu kima. Wanaoshuka hukata tiketi, hupewa mtu wa kuwaongoza, kisha hutembezwa sehemu tatu: msitu wenye maji chini yake, mashamba ya maweni wanamoshinda kima punju, na mikoko ya Pete. Mgeni anayahesabu kuwa matembezi mamoja. Aliyeyapanga alikuwa na kazi tatu mbalimbali, kila moja na udongo wake, kikwazo chake na wenyewe wake. Nazichambua hapa kwa sababu mahali pengi katika mwambao wetu panatengenezwa njia za watalii siku hizi, na wengi wanaanza na mbao kabla ya kuuliza njia ipite wapi na kwa idhini ya nani.

Kwanza eneo lenyewe. Jozani ni msitu wa hifadhi tangu 1960. Mwaka 2004 uliunganishwa na ardhi inayouzunguka ikawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50 hivi, hifadhi ya taifa pekee Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza eneo hilo katika orodha yake ya hifadhi hai za dunia. Majina hayo makubwa yasitufanye tudhani kwamba ni ardhi isiyo na watu. Pete, Kitogani, Cheju, Charawe, Ukongoroni na Chwaka ni vijiji vya jirani, na watu wake wameishi miaka mingi kwa kuni, mkaa, chokaa, boriti za mikoko, kilimo cha kwenye mawe na uvuvi. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, ilifungua mlango wa jamii kuingia mikataba ya kusimamia misitu yake pamoja na serikali. Njia za Jozani zilikua katika hali hiyo ya maelewano, na ukizitazama kwa makini unaiona hali hiyo hata mahali zinapokata kona.

Njia ya msituni ndiyo nyepesi kuliko zote kwa ujenzi, na sitakaa nayo sana. Msitu wa Jozani umekaa bondeni, maji yako karibu na uso wa ardhi, na masika sehemu zake hufurika. Miti ya mahali pa namna hiyo, mitondoo na michikichi na mingineyo, hutambaza mizizi juu juu. Njia pana ingeikanyaga mizizi hiyo mwaka mzima. Kwa hiyo njia imeachwa nyembamba, watu wakafuatana mmoja mmoja, nayo huzunguka na kurudi karibu na ilipoanzia. Kuzunguka huko kuna faida ambayo haionekani upesi: makundi hayakutani uso kwa uso, hakuna anayetoka njiani kumpisha mwenzake, na njia haipanuki. Adui mkubwa wa njia ya msituni ni dimbwi. Mtu mmoja akilikwepa kwa kupita pembeni, wa pili atafuata nyayo zake, na baada ya masika moja kuna njia mbili. Dawa yake ni kunyanyua mahali pa kukanyaga pale tu penye maji na kuacha kwingine kote udongo mtupu wenye majani makavu.

Ukivuka barabara ya lami, mambo yanabadilika. Hapo hakuna msitu mnene. Kuna vichaka juu ya mawe, miembe, mikungu, minazi, na mashamba ya watu. Ndipo kima punju wanapoonekana vizuri, wakati mwingine chini kabisa, usawa wa kifua cha mtu. Swali la kiufundi ni kwa nini njia ya kutazama mnyama adimu imepitishwa mashambani ilhali msitu wa hifadhi uko ng'ambo ya barabara. Jibu limo katika chakula chake. Kima hawa, ambao hawapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Zanzibar, hupenda majani machanga ya mkungu na mwembe. Majani hayo yana lishe nzuri, lakini yana pia kemikali zinazovuruga tumbo. Wenyewe wamegundua dawa: wanakula mkaa. Utamwona mmoja ameinama kwenye kisiki kilichoungua, anamega kipande kwa vidole vyake virefu visivyo na dole gumba la maana, anakiweka mdomoni na kukitafuna taratibu huku akitazama pembeni. Watafiti David Cooney na Thomas Struhsaker walichapisha mwaka 1997 uchunguzi ulioonyesha kuwa mkaa huo una uwezo wa kunyonya zile kemikali na kuacha lishe. Mkaa hupatikana mahali ambapo watu wamechoma. Kwa maneno mengine, mnyama huyu amejifunza kuishi kwa kutegemea shamba la mkulima, na anayetaka kumwonyesha kwa mgeni hana budi kupita kwenye shamba hilo.

Wakulima nao walikuwa na neno lao. Kima walikuwa wakila vidaka vya minazi, na kila kidaka kilicholiwa kilihesabiwa kuwa nazi isiyofika sokoni. Kirstin Siex na huyohuyo Struhsaker waliikagua hesabu hiyo shambani, na mwaka 1999 wakatoa matokeo yaliyoshangaza wengi: pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno hayakuwa madogo, yalikuwa mazuri zaidi. Anayejua minazi ataielewa sababu inayoelekea kuwa ndiyo. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, na vingi hupukutika vyenyewe kabla ya kuwa vitale. Kima anapunguza mapema, na vinavyobaki vinapata nafasi.

Hata hivyo karatasi ya utafiti haimlishi mtu, na hapa ndipo waliopanga Jozani walipofanya jambo ninalolipa heshima kubwa. Hawakumpelekea mkulima hoja pekee. Tangu katikati ya miaka ya 1990, mradi wa uhifadhi ulioendeshwa na idara ya misitu pamoja na shirika la CARE ulijenga utaratibu wa kumgawia mkulima sehemu ya mapato ya watalii, na wakulima wenye mashamba hayo wakawa na umoja wao, UWEMAJO, wa kupokea na kugawana. Njia ikapitishwa mahali ambapo hasara ilikuwa inalalamikiwa. Aliyekuwa akimfukuza kima kwa mawe akapata sababu ya kumwacha atulie mtini hadi wageni waondoke. Kama njia ingewekwa ndani ya msitu wa serikali tu, wageni wangeona miti, serikali ingepokea ada, na mkulima angebaki na vidaka vyake vilivyoliwa na hasira yake.

Barabara ilibaki kuwa hatari. Kima huvuka kutoka msituni kwenda mashambani na kurudi, na barabara ilipotengenezwa magari yaliongeza mwendo, wakawa wanagongwa. Matuta yaliwekwa, vifo vikapungua. Tuta ni rundo la lami tu, lakini mimi nalihesabu kuwa sehemu ya njia kama ulivyo ubao wowote, kwa sababu linamlinda yule ambaye njia imejengwa kwa ajili yake.

Njia ya tatu ndiyo yenye useremala. Mikoko ya Pete imeota kwenye hori linaloingia kutoka upande wa kusini, na huwezi kuitembelea kwa miguu bila kuiumiza. Mchu hutoa mizizi ya kupumulia inayochomoza topeni kama penseli zilizosimikwa. Ukiikanyaga inavunjika, na mti unapungukiwa hewa. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na chini yake miche mipya ndiyo kwanza inashika. Tope likikanyagwa linashindiliwa, mashimo ya kaa yanaziba, na maji ya bahari hayapenyi tena vizuri. Kwa sababu hiyo imejengwa njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na mgeni anatembea katikati ya matawi pasipo kugusa chini.

Wengi hukosea katika kimo cha njia ya namna hii. Bahari ya Zanzibar siku za bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mtu aliye mgeni na mikoko anaweza kudhani nguzo ziwe ndefu kupita hizo. Lakini mikoko huota sehemu ya juu ya ufuo, mahali ambapo maji hufika wakati wa kujaa na kuondoka mapema. Kinachotakiwa ni kujua maji ya bamvua kubwa yanafika wapi pale pale kwenye shina la mti, na alama yake iko wazi: mstari wa tope na chaza kwenye mizizi. Sakafu ya mbao ikae juu ya mstari huo kwa nafasi ya kutosha. Ikiwa chini mno, maji yataisukuma kutoka chini na kulegeza misumari kila mwezi mara mbili, wakati wa bamvua ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Ikiwa juu mno, nguzo zinayumba na mgeni anatazama vilele vya miti badala ya kaa.

Kuna pia nafasi kati ya ubao na ubao. Fundi asiyezoea pwani hupenda kubananisha mbao ili sakafu ionekane nadhifu. Kwenye mikoko unadhifu huo unagharimu: maji ya mvua yanatuama, ubao unaoza, ukungu unaota na kuteleza, na chini kunakuwa giza ambamo mche hauwezi kukua. Nafasi ya upana wa kidole inatatua yote hayo kwa pamoja. Kisha kuna misumari. Chumvi haisamehe chuma cha kawaida. Ukitembea kwenye daraja lolote la mbao pwani, tazama kichwa cha msumari: kimezungukwa na doa la rangi ya kahawia, na mbao iliyo karibu nacho imelainika hata ukucha unaweza kuingia. Ubao huanza kufa hapo, muda mrefu kabla ya katikati yake kuonyesha dalili.

Tukivuka mpaka, Kenya ina mifano miwili inayofaa kuwekwa kando ya huu. Gazi, kusini mwa Mombasa, njia ya mbao ndani ya mikoko iko mikononi mwa kikundi cha akina mama wa kijiji. Wao ndio wanaopokea wageni na wao ndio wanaopata ada. Kijiji hichohicho tangu 2013 kina Mikoko Pamoja, mradi unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, fedha zikaingia kwenye maji na shule. Huko Mida, karibu na Watamu, daraja limening'inizwa kwa kamba, linayumba unapopita, na linakufikisha kwenye kibanda cha kutazamia ndege wa pwani. Ada yake huingia katika mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na A Rocha Kenya, unaolipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyopakana na hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mgeni wa Mida anaambiwa fedha yake inakwenda wapi kabla hajakanyaga ubao wa kwanza. Jozani, yenye wageni wengi zaidi na wadau wengi zaidi, ingefaidika sana kubandika jambo hilo langoni kwa maandishi makubwa: kiasi gani kwa wakulima, kiasi gani kwa vijiji, kiasi gani kwa hifadhi.

Nina hofu mbili. Ya kwanza ni umbali kati ya mtu na kima. Mafanikio ya njia ya mashambani yamewafanya wanyama hawa wasitishwe na watu tena, na simu za mkononi zimewafanya watu wasogee. Magonjwa ya mafua na kifua yanaweza kutoka kwetu kwenda kwao. Mwongozaji anajua kanuni, lakini bakshishi yake mara nyingi hutegemea picha nzuri, na tusimtwike yeye peke yake kazi ya kumkatalia mgeni aliyemlipa. Kikomo cha kusimama kiwekwe wazi ardhini, kwa kamba au safu ya mawe, ili mgeni akatazwe na njia yenyewe. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 na shirika la WCS ilipata kima zaidi ya 5,800 Unguja, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Ni habari njema, lakini ugonjwa mmoja wa kuambukiza hauchagui, na mnyama huyu hana kwao pengine.

Ya pili ni matengenezo. Kujenga njia ya mbao hupata mfadhili, hufunguliwa kwa hotuba, hupigwa picha. Kubadilisha mbao zilizooza mwaka wa saba hakupati mfadhili. Ubao mmoja ukikatika, wageni huteremka topeni kuupita, na kila kilichokwepwa kwa ujenzi kinatendeka ndani ya wiki chache. Mgao wa mapato kwa kawaida hufanywa kwanza, na matengenezo hupata kinachobaki. Mpangilio huo ugeuzwe. Kila tiketi inapokatwa, fedha ya mbao, misumari na fundi itengwe kwanza, katika akaunti yake, chini ya sahihi ya hifadhi na ya kijiji; kisha kinachosalia ndicho kigawanywe. Wanaosimamia Jozani wanao uwezo wa kulifanya hili bila kusubiri mradi mpya, na ninawaomba walifanye kabla ya masika ijayo.