Mwito hukataa, hukataa neno: kumsoma Mudimbe nikiwa Mpendae

Fomu ya maombi ya malezi ya upadri imekaa juu ya meza yangu hapa Mpendae tangu Kwaresima. Nimeshajaza jina, tarehe ya ubatizo na parokia ya nyumbani. Swali lililonikwamisha ni moja: eleza ulivyousikia wito wako. Wameacha mistari minne.

Katika kutafuta cha kuandika humo nilirudi kwenye riwaya ya V. Y. Mudimbe, Entre les eaux (1973). Niliisoma mara ya kwanza, kwa tafsiri ya Kiingereza, kwa ajili ya semina ya shahada ya uzamili. Niliiandikia insha nadhifu kuhusu ukoloni na utambulisho, nikapata alama nzuri. Leo insha ile inanitia haya. Riwaya inamhusu mtu asiyejua ni nani anayemwita, na mimi jambo hilo nililiruka kana kwamba ni pambo tu la jalada.

Mudimbe aliyajua aliyoyaandika. Alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kule Katanga ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani. Katika ujana wake alikuwa mnovisi wa Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda, kisha akatoka. Kwetu Tanzania, Euphrase Kezilahabi naye alisoma seminari, Nyegezi, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huwa nawaweka pamoja kichwani, vijana wawili waliotoka seminari wakaingia kwenye riwaya. Lakini Kezilahabi maswali yake makali aliwapa watu wasiovaa kanzu. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anauliza maana ya maisha mpaka anajiua. Mudimbe aliyaacha maswali hayo ndani ya kanzu yenyewe.

Padri wake anaitwa Pierre Landu, Mkongo aliyesoma Roma. Anaona Kanisa lake limekaa upande wa wenye nguvu, anaiacha parokia na kwenda msituni kujiunga na waasi wa Kimarx. Waasi hawamwamini, maana kwao bado ni padri. Waliobaki parokiani nao wanamwona msaliti. Anaponea chupuchupu kuuawa na wenzake, anaoa, ndoa haidumu, na mwisho tunamkuta mtawa katika monasteri ya Wasistersiani, na jina jipya. Kwa Kiswahili ningeiita riwaya hii Baina ya Maji. Wavuvi wa hapa wana neno maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana. Landu anaishi humo.

Sifa ya riwaya ni sauti yake. Sijasoma kwingine palipoandikwa vizuri hivi jinsi mtu anavyoweza kusali na wakati huohuo kujitazama akisali, akajipa maksi. Niliyepitia seminari ndogo nalijua tendo hilo. Tulifundishwa kuichunguza dhamiri kila usiku, na wengine wetu tukawa mabingwa wa uchunguzi kuliko wa dhamiri.

Ila sauti hiyohiyo ndiyo udhaifu wa kitabu. Inajaza kila chumba. Mke wa Landu anapita kama kivuli ukutani. Waumini aliowaacha parokiani, wale waliomwita baba, hatuwasikii wakisema wanamtaka arudi au asirudi. Nilipoisoma kwa ajili ya semina niliona huo ni ustadi wa kuonyesha upweke. Sasa naona mwandishi ameungana na mhusika wake katika kosa lilelile, la kudhani kwamba wito ni mazungumzo ya mtu na nafsi yake.

Aliyenifungua macho ni Bi Mkubwa mwenye nyumba ninayopanga. Ni Mwislamu, kama karibu kila mtu mtaani kwetu. (Faida moja ya kuutamani upadri Zanzibar ni kwamba kanzu haimshtui mtu.) Jioni moja barazani aliniuliza:

“Mwanangu, huo upadri umeutaka au umeitwa?”

“Nadhani nimeitwa, Bi.”

“Unadhani!” Akacheka mpaka akashika ubavu. “Mwito hukataa, hukataa neno. Nenda kasikilize unaitiwa nini. Ukiona silo, rudi, chumba chako kipo.”

Methali hiyo nilishaisikia mara nyingi, lakini sikuwahi kuipeleka kwa Landu. Mtu akikuita, unakwenda. Utakaloambiwa ndilo una haki ya kulikataa. Landu hufanya kinyume. Kila anapohama, kutoka Kanisani, msituni, kwenye ndoa, tayari ana maelezo kamili kichwani, neno ameshalikubali au kulikataa kabla ya kufika na kuketi. Hasubiri kuulizwa.

Na Kanisa lenyewe, ambalo Landu anabishana nalo kitabu kizima, halisemi kwamba wito huthibitishwa moyoni peke yake. Siku ya upadrisho shemasi huitwa kwa jina mbele ya watu, naye huitika yupo. Askofu huuliza kama anastahili, na jibu hutolewa na mwingine. Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu, na nilishangaa jinsi shemasi alivyokuwa na maneno machache.

Mama yangu, aliyeko bara, hajasoma Mudimbe. Yeye anakumbuka Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipopigwa risasi hapa Unguja akienda kuadhimisha misa. Nilipomwambia kwamba nafikiria jimbo la Zanzibar alinyamaza, kisha akauliza kama bara hakuna majimbo. Nilijaribu kumjibu kwa Kilandu, kwa hoja tatu zilizopangika. Aliniacha nimalize. “Sikukuuliza sababu,” akasema.

Ukurasa wa mwisho wa riwaya umenibadilikia pia. Katika insha yangu niliandika kwamba monasteri ni kushindwa kwa Landu, kurudi kwa mtumwa kwa bwana wake. Sina hakika tena. Huenda ni mahali pa kwanza ambapo ratiba ya siku inamlazimisha kunyamaza. Ila simwamini akisema ametulia; bado anaeleza mno.

Kwenye ile mistari minne nilikuwa nimeandika aya ndefu, ikamwagikia pembeni ya karatasi. Nimeifuta. Jumamosi nitashuka mjini hadi Minara Miwili, ambako padri wa miito amenipangia saa nne.

Kabla ya hapo nitampigia mama.