Nyumba 1,562 na Kibanda cha Ocholla

Kila mradi wa kufufua mji huanza na mchoro. Unaujua. Uko kwenye bango kando ya barabara, juu ya ukuta wa mabati unaoficha mjengo. Ghorofa nyeupe, miti yote ya kimo kimoja, mama anasukuma kigari cha mtoto, jamaa ameshika kikombe cha kahawa, na benchi ambalo hakuna mtu amelilalia. Mama mboga hayuko. Boda hakuna. Kanjo pia hawaonekani, na hapo ndipo mimi hucheka, kwa sababu hiyo Nairobi isiyo na mama mboga ilipatikana vipi bila kanjo?

Mchoro ule ni hadithi, na mimi huusoma kama hadithi nyingine yoyote: nani amepewa uso, nani anapita tu kwa nyuma, nani hayumo kabisa. Ndiyo maana mwezi huu nimerudi kwa Going Down River Road, riwaya ya Meja Mwangi iliyotoka 1976. Watu huikumbuka kwa pombe na matusi. Mimi naikumbuka kama kitabu cha mjengo. Ben na Ocholla ni watu wa mkono kwenye Development House, jengo la ghorofa 24, na kila ghorofa inayopanda inawasogeza karibu na siku ya kukosa kazi. Jioni Ocholla anarudi kwenye kibanda chake kando ya mto. Kanjo wakija wanakichoma. Anakijenga tena. Wanakichoma. Anakijenga.

Mwangi hatoi hotuba juu ya hili, na hiyo ndiyo nguvu yake. Anaweka tu majengo mawili kwenye kitabu kimoja, moja linapanda na lingine linaungua, na mikono inayoyajenga yote mawili ni ileile. Halafu anakuchekesha. Ocholla, ambaye amekuwa akiishi kama kapera, anavamiwa na familia yake kutoka mashambani, wake wawili na watoto tele, wote ndani ya kile kibanda ambacho tayari kilikuwa kimewahifadhi Ben na mtoto Baby. Ukimaliza kucheka unagundua umesoma kurasa nzima kuhusu uhaba wa nyumba.

Sasa tuje kwa mradi wenyewe. Pangani, dakika chache kutoka katikati ya jiji, palikuwa na nyumba 48 za kaunti. Mpango wa kuufufua mtaa ulikuwa ni kuzibomoa na kujenga 1,562. Familia zile 48 ziliahidiwa nafasi ya kwanza na kupewa pesa za kodi ya mahali pengine wakati wa ujenzi. Kwenye karatasi, ni hesabu nzuri. Nairobi inahitaji keja, na ardhi iliyobeba nyumba za chini 48 inaweza kubeba zaidi. Sitaki kuwa yule mhakiki anayelilia kuta kuukuu ambazo yeye mwenyewe haishi ndani yake.

Lakini soma hiyo hesabu kama Ocholla. Nani alihesabiwa?

Nimelelewa uani mwa nyumba ya aina hiyo, kwenye mtaa mmoja wa Eastlands. Mbele aliishi mzee mwenye kadi ya nyumba. Nyuma kulikuwa na vyumba vinne vya mabati alivyoongeza, na kimoja kilikuwa chetu. Tulikuwa wapangaji wa mpangaji. Siku moja maafisa walikuja na daftari, mradi ulikuwa unanukia. Wakaandika jina la mzee. Mama yangu akatoka na sufuria mkononi, akauliza, "Na sisi?" Mmoja wao akamwangalia kwa upole, kusema kweli hakuwa mtu mbaya, akamuuliza, "Nyinyi mko kwa nani, mama?" Swali likaishia hapo. Huwezi kurudishwa mahali ambapo hukuwahi kuandikwa. Mradi ule haukufika kwetu wakati huo, lakini mama alianza kuweka masanduku tayari kuanzia wiki hiyo, na nadhani hakuyafungua tena vizuri.

Jina Pangani lenyewe lina historia ya haya mambo. Kulikuwa na kijiji cha Waafrika chenye jina hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1930 wakoloni wakakibomoa na kuwapeleka watu Shauri Moyo, kwenye nyumba za manispaa. Leo nyumba za kaunti za Eastlands ndizo zinazosubiri kubomolewa. Mjukuu wa aliyehamishwa anaweza kuwa ndiye mwenye kadi sasa. Au ndiye yuko uani.

Na lile benchi? Ben na Ocholla wakitaka kukaa wanaenda Karara Centre, na kule lazima ununue kitu. Hiyo ni Nairobi yetu pia: kuketi ni pesa. Ndiyo maana Jeevanjee Gardens ni mahali pa ajabu. Saa ya lunch kuna mhubiri, kuna wabishi wa siasa wa Bunge la Mwananchi, kuna jamaa amelala na viatu chini ya kichwa, na hakuna anayeulizwa amenunua nini. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kupageuza kuwa jengo la kuegesha magari. Zarina Patel, mjukuu wa aliyetoa bustani hiyo kwa jiji, akasimama na wenzake, mpango ukafa. Miaka miwili kabla yake Wangari Maathai alikuwa amepigania Uhuru Park isijengewe mnara wa ghorofa 60. Bustani zetu mbili maarufu zipo kwa sababu kuna watu waliukataa mchoro.

Ninalo lalamiko moja kwa Mwangi. Chumba walichokaa Ben na Baby mwanzoni kilikuwa cha Wini. Yeye ndiye aliyekuwa na keja, yeye ndiye mama wa Baby. Kisha anaondoka na bosi wake mzungu, na riwaya inafunga mlango nyuma yake kana kwamba tumeshaelewa kila kitu. Sijaelewa. Kitabu kinachojua bei ya kila chupa ya River Road hakina hamu ya kujua Wini alilipaje kodi peke yake miaka yote hiyo, na alikuwa anaogopa nini ikifika mwisho wa mwezi. Kwa mwandishi mwenye jicho kama lile, hilo ni pengo kubwa. Mwanamke wa Mwangi anaondoka, yule wa kwenye bango anasukuma kigari, na wote wawili hawajapewa hata sentensi moja kuhusu kodi.

Juzi tulipita Pangani kwa matatu, mimi na mama, tukielekea Githurai. Foleni ikatusimamisha karibu na zile ghorofa. Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa dirishani, akaziangalia kwa makini kutoka juu hadi chini, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa hapo mtu anaanika wapi nguo?"