Chai ya Zambarau Ilivyofuatiliwa Hadi Ubongoni

Kericho ndiko ilikotoka TRFK 306, aina ya chai yenye majani ya zambarau iliyozinduliwa mwaka 2011 baada ya miaka mingi ya uteuzi wa miche. Rangi yake hutokana na anthosianini, na kemikali hizo ndizo zilizowavuta watafiti wa Kenya kuuliza swali gumu: zikimezwa, hufika ubongoni? Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta unaozuia kemikali nyingi kupenya.

Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2014. Panya wa maabara walinyweshwa anthosianini iliyosafishwa, miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa siku 15. Saa 24 baada ya dozi ya mwisho, tishu za ubongo zilichukuliwa na kemikali zilizomo zikatenganishwa moja moja. Anthosianini zilionekana: zilikuwa zimevuka ukuta. Kiwango cha glutathioni, inayokinga seli zisiharibiwe na kemikali kali za oksijeni, nacho kilipanda. Ajabu ni kwamba panya walioongezewa kemikali nyingine, koenzaimu Q10, walipata faida ndogo zaidi.

Je, chai hiyo basi inaongeza akili? Hapo ndipo wengi huruka hatua.

Kujifunza hufanyika kwenye sinapsi, mwanya mdogo ambamo seli moja ya neva huipasha nyingine habari kwa kemikali. Mchumaji chai mgeni huko Bomet huanza polepole, akitafuta kwa macho majani mawili na chipukizi. Kadiri anavyorudia, kemikali iitwayo glutameti humwagwa kwenye sinapsi zilezile. Kipokezi kiitwacho NMDA huwa kimezibwa na magnesi, na huzibuka pale tu seli inayopokea nayo imeamshwa vya kutosha. Kalisi huingia, vipokezi vingine huongezwa, na sinapsi huimarika. Kemikali nyingine, dopamini, husaidia kuamua mabadiliko yapi yadumu. Watafiti Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha mwaka 1973, kwa sungura, kwamba uimarikaji wa namna hiyo unaweza kudumu kwa saa nyingi.

Katika kikombe cha chai, kemikali inayojulikana zaidi kwa kugusa mfumo huu ni kafeini. Tukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka ubongoni na kupunguza umwagaji wa glutameti. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini. Haileti ujumbe mpya, huondoa breki. Lakini ikinywewa usiku hufukuza usingizi, na usingizini ndimo kumbukumbu huimarishwa.

Jaribio la chai ya zambarau lilithibitisha mambo mawili: kemikali zilifika, na kinga ya ubongo wa panya ilipanda. Halikupima kumbukumbu wala nguvu ya sinapsi, na panya si mtu. Anayekuuzia pakiti kwa ahadi kwamba mwanao atafaulu mtihani, mwulize kipimo hicho kilifanyiwa nani.