Sifa ya Uchakavu

Kazi nyingi za mikono hutafuta sifa kwa kukifanya kitu kiwe kipya na kisicho doa. Lakini iko sanaa moja, ya wale waundao kwa plastiki mifano midogo ya zana za vita, ambayo ustadi wake wote umo katika kukizeesha kitu kilichokwisha kukamilika, hata mtazamaji akasadiki kuwa chombo kile kimesafiri, kimekanyagwa na kutumikishwa pasipo huruma.

Chukua kifaru cha Kijerumani aina ya Panzer III, katika vile vilivyoshushwa bandarini Tripoli mapema mwaka 1941. Viliwasili na rangi ya kijivu iliyokoza, iliyofaa Ulaya, vikapakwa juu yake rangi ya mchanga ili visidhihirike jangwani. Na upepo wenye mchanga, pamoja na viatu vya askari waliopanda na kushuka, vikaikwangua ile ya juu hata ya chini ikachungulia. Fundi hodari hufuata mpango uo huo: hupaka kijivu kwanza, akapulizia juu yake dawa ya nywele itumikayo saluni, kisha akapaka rangi ya mchanga, ikikauka huilowesha maji kidogo, dawa iliyo katikati ikalainika, naye akasugua kwa brashi ngumu hata rangi ya juu ikabanduka vipande vipande.

Kubandua ni rahisi; taabu ni kujua pa kubandua. Kwa kipimo cha 1 kwa 35, kilichozoeleka mno kwa vifaru, mchubuko wa milimita 1 ni sawa na milimita 35 za chuma halisi. Kwa hiyo kila alama sharti iwe na sababu: kingo za mlango wa mnara huchubuka kwa kuwa ndipo mikono ishikapo, weusi huchuruzika chini ya tundu la kujazia petroli, minyororo hung'aa pale isuguanapo na ardhi, bomba la moshi huliwa na kutu kwa joto, ilhali mabamba ya ubavuni, katika ukavu wa jangwa, husalimika. Mbelgiji François Verlinden, aliyevuma katika miaka ya 1980, aliwazoeza wengi kupenyeza rangi iliyozimuliwa katika mifereji, na kupitisha rangi nyepesi kwa brashi kavu juu ya kingo. Lakini mkono uliojifunza hila hizo bila kujifunza kujizuia hupakaza kutu kila mahali, na kazi ikawa uwongo.

Kifaru kipya hutangaza fahari ya dola iliyokiunda. Kilichochakaa hutaja watu, aliyekanyaga hapa na aliyemwaga mafuta kule, vijana waliopelekwa mbali na kwao. Vita havistahili sifa, ila taabu ya waliotumbukizwa humo yastahili ushahidi wa haki. Na fundi ajiulizaye mbele ya kila doa ni nani aliyelitia, na kwa nini, ni shahidi mwadilifu kuliko mwenye kung'arisha.